Shati la Dalali

Baraza ya Mahakama ya Mwanzo pale Kilosa ilifurika watu Jumatatu ile. Wengine kwenye mabenchi, wengine wamechuchumaa ukutani, na mama mmoja alikuwa na kuku wawili kikapuni, hata haijulikani walikuwa wa kesi gani. Shamimu, fundi cherehani, alikaa mwishoni mwa benchi. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, mikono ya puto, kashona mwenyewe, na mtandio mweupe.

Mwanamume mrefu akaja kuketi pembeni yake. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama. Alipoketi tu, kifungo cha tumboni kikaruka, kikabingirika hadi kwenye ndala za Shamimu.

"Utaingia kwa hakimu kitovu kinachungulia?" Shamimu akacheka, akachomoa sindano yenye uzi kwenye upindo wa mtandio. "Kaa sawa."

"Dada, sindano unakuja nayo mpaka mahakamani?"

"Mimi fundi. Wewe umekuja na nini?"

"Na njaa tu."

Akamshonea palepale. Yule bwana akabana pumzi kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Shamimu huku akishona, huku akimwaga yake ya moyoni. Alishona mapazia na mashuka ya nyumba ya wageni ya Yared, kule Mikumi. Yared hakulipa. Shamimu akamshtaki, akashinda, na miezi saba imepita hajaona hata senti. Kitambaa chenyewe alinunua kwa mkopo wa kikoba, na mwisho wa mwezi wanakikoba watakuja kubeba cherehani yake.

"Wiki iliyopita nikaleta maombi ya kukaza hukumu. Leo nataka nijue nimepewa dalali gani wa mahakama wa kumkamatia mali. Na hao madalali nawajua, wanakula huku na huku."

Karani akatoa kichwa dirishani. "Dalali Ashrafu! Faili la Shamimu, la Mikumi, ni lako."

Sindano ikamchoma yule bwana tumboni.

"Aah! Basi umeshanihukumu, fundi."

Ashrafu alimpelekea Yared notisi ya siku kumi na nne, alipe au mali yake ikamatwe. Kila alasiri alimpigia Shamimu simu.

"Notisi ameipokea, kasaini. Anasema mapazia yako yamepauka."

"Mwongo mkubwa! Kitambaa kile hakipauki!"

"Nimemwambia hivyo hivyo. Nimeyashika kwa mkono wangu." Akashusha sauti. "Umekula?"

"Wadai wako wote unawauliza kama wamekula?"

"Hapana. Wewe tu."

Shamimu akaona mashavu yanamchemka. Kabla hajajibu, Ashrafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Ngoja nikate simu."

Tangu hapo, kimya. Shamimu alimpigia, simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya saba ya kimya, Naomi, fundi wa kibanda cha jirani, akarudi kutoka Mikumi ana lake.

"Shoga, dalali wako nimemkuta kwa Yared. Kakaa barazani na soda ya baridi, anacheka mpaka magego yanaonekana!"

Shamimu aliandika ujumbe: "Kama umenunuliwa kwa soda, niambie nianze kuiaga cherehani." Hakujibiwa. Siku ile alishona sare ya mtoto wa watu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, ikabidi afumue yote huku machozi yakidondokea kitambaa.

Siku ya kumi na tano, notisi imeisha, Ashrafu akaikamata pikapu ya Yared. Haikufika hata kwenye mnada, Yared mwenyewe alikimbilia mahakamani na deni lote. Shamimu akaitwa, akasaini, akapokea hela zake, akapitia kwa wanakikoba moja kwa moja kulipa mkopo. Aliporudi kibandani alilalia cherehani yake kama mtu aliyempokea mgonjwa kutoka hospitali.

"Hodi, fundi."

Alikuwa Ashrafu. Shati lile lile jeupe, kalishika kwa mkono tumboni.

"Karibu, mnywa soda."

"Soda nilinunua kwa hela yangu, nikiisubiri pikapu irudi niinakili namba. Na niliyemcheka ni Yared, anawasifia wageni mapazia yale yale aliyosema yamepauka."

"Na simu zangu?"

Ashrafu akainama. "Siku niliyokuuliza kama umekula, nikajua hapa si kazi tena. Yared angegundua dalali anampenda mdai, angeweka pingamizi, na cherehani yako ingebebwa. Nikaona bora unichukie kwanza. Ripoti nimeikabidhi mahakamani asubuhi hii. Sasa mimi si dalali wako."

 Macho ya Shamimu yakashuka kwenye ule mkono wa tumboni.

"Kifungo kimekwenda wapi? Uzi wangu mimi haukatiki."

"Nimekikata mwenyewe kwa wembe, hapo nje." Akafungua kiganja, kifungo hicho hapo. "Shamimu, wazee wangu walete barua ya posa Ijumaa?"

"Ijumaa nina nguo za watu." Akachomoa sindano kwenye mtandio, akavuta kigoda karibu. "Waje Jumamosi. Kaa sawa, mpenzi. Na safari hii pumua."