Pete Juu ya Namba ya Lori

"Kipanga, nipe namba ya lori. Una dakika kumi na tano."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye redio. Jasusi aliyeitwa Kipanga alikuwa ameinamia skrini, akitazama picha moja: ghala, lori, na watu wawili wakipakia makasha ya makombora ya magendo. Penye namba ya lori palijaa pete za rangi, moja ndani ya nyingine, kama mafuta juu ya maji.

Namba ilikuwa imemezwa.

Mpakani malori mia mbili yalisubiri kwenye foleni. Saa kumi kamili lango lingefunguliwa.

"Mjomba, jaribu tena."

"Nimejaribu mara nne, mwanangu." Mjomba, fundi picha wa idara kwa miaka thelathini, alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Filamu imeingia unyevu. Maiti hatibiwi."

Kipanga akaichungulia filamu kwenye skana. Ilikuwa imelazwa upande wake laini, ule unaong'aa.

Moyo ukampiga pa!

Baba yake alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kazi hii, rula mkononi. "Laini juu ya laini huacha hewa nyembamba katikati," alikuwa akisema, "na mwanga ukipita hapo huzaa pete. Geuza! Upande usiong'aa ndio ulale kwenye kioo." Ukikosea, unachapwa vidole.

Mtu huyo hasahau. Si mara nne.

"Mjomba, ile fremu ya kuinulia filamu iko wapi?"

"Imevunjika."

"Lini?"

"Jana."

"Jana tulikuwa makaburini. Tulimzika mwenzetu aliyepiga picha hii na kuificha filamu kabla hawajamuua. Wewe ulibeba jeneza mbele, mimi nyuma."

Kipanga aliinua kifuniko, akaigeuza filamu, akaibana pembe kwa selotepu. Akabonyeza. Taa ya skana ikaanza kutambaa.

Nyuma yake droo ilifunguliwa.

"Iache hiyo picha, mwanangu."

Bastola, Beretta. Mkono wa mjomba haukutetemeka. Ulikuwa mkono wa fundi.

"Ni wewe uliyewaambia mwenzetu amejificha juu ya paa?"

"Nilisema wamnyang'anye kamera tu!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Miaka thelathini nawasafishia picha. Nyinyi mnavishwa nishani, mimi navishwa aproni. Wale watu wa magendo waliniita bwana."

"Mimi nilikuita baba."

Mjomba akapepesa macho.

Picha ikajaa kwenye skrini. Imegeuka kushoto kulia, kama kwenye kioo cha kujitazamia, lakini haina hata pete moja. Kidole cha Kipanga kikabana redio kiunoni. Akaisoma namba kinyumenyume.

"Mkuu, andika! Tano, tisa, mbili, saba. Turubai la kijani!"

Akajitupa chini pamoja na kiti.

Risasi ikapasua skrini. Teke la Kipanga likatua kwenye kifundo cha mkono wa mjomba, na Beretta ikateleza hadi chini ya sinki. Mjomba akaanguka kitako, akabaki hapo, anahema.

Dakika zikapita. Kipanga akaiokota bastola.

Redio ikakoroma. "Kipanga, tumelikamata. Makasha kumi na sita, dereva kajisalimisha. Huko vipi?"

"Leteni pingu."

"Za nani?"

"Za fundi picha."

Askari wawili walipomwinua, mzee alishika fremu ya mlango kwa mkono ulio mzima.

"Utamwambia nini dada yangu? Utamwambia nini mama yako?"

Kipanga akavaa miwani ya jua.

"Utamwambia mwenyewe. Wafungwa hutembelewa Jumapili."

Akashuka ngazi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua gazeti. Ndani ya gari, ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla ya kuingia.