Sarafu Ndani ya Glasi

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa, Bibi alimwamsha Kidoti watandike vitanda. Kidoti alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na jina hilo alilipata kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Bibi alishika pembe mbili za shuka, mjukuu akashika mbili, wakalikung'uta mpaka likajaa hewa.

"Vuta! Mkunjo ukibaki, mgeni ataulalia," Bibi alisema, ingawa mgeni mwenyewe alikuwa Kidoti tu.

Bibi alikuwa amesafisha vyumba vya hoteli kubwa ya mjini kwa miaka ishirini na sita. Alishastaafu, lakini hoteli haikuwa imestaafu kichwani mwake. Harufu ya sabuni tu ilitosha kumrudisha ghorofa ya tatu. Hapo angesimulia habari za mpiga tarumbeta aliyefanya mazoezi bafuni, na jinsi yeye na wenzake walivyoimba wakisukuma vikapu vya nguo chafu.

Jumamosi moja Mjomba alifika, shati limenyooka kwa pasi. "Mama, leo hupiki," alisema. "Tunakwenda kula kwenye hoteli yako. Na safari hii utaingia kwa mlango wa mbele."

Bibi alicheka, akaenda kutafuta viatu vyake. Miaka yote ile wafanyakazi walipitia nyuma. Walipofika, alijifuta viatu mara tatu kabla bawabu hajamfungulia. "Karibu, mama," bawabu alisema. Bibi akaingia polepole, akigusa migongo ya viti. "Hapa palikuwa na zulia jekundu," alinong'ona. "Tulilipiga fimbo kila Jumatatu, vumbi likatutia weupe kama mizimu."

Ukumbi ulijaa watu, na mhudumu alikuwa mmoja tu, dada mwembamba aliyekwenda mbio huku na huko na sinia lake. Chakula kilikuja upesi, lakini juisi ya Kidoti ilichelewa.

"Samahani, mdogo wangu," dada alisema alipoileta. "Mashine ya kusagia matunda imenisumbua."

Kidoti alibetua midomo. Siku ile alijiona mkubwa.

Walipomaliza kula, Bibi alikwenda kunawa mikono. Mjomba naye aliinuka kwenda kulipa, akamwachia Kidoti sarafu tatu. "Hii bakshishi ya yule dada. Mpe, mshukuru."

Kidoti alizitazama sarafu, kisha akaitazama glasi yake iliyobaki na juisi kidogo. "Amenisubirisha," aliwaza, "na yeye atafute." Akazidondosha moja moja: chubwi, chubwi, chubwi. Watoto wa meza ya pili wakacheka, naye akavimba kichwa.

Mhudumu alikuja kuondoa vyombo. Aliiona glasi, akageuza uso kidogo. Kisha akazitoa sarafu kwa kijiko, akazifuta kwa kitambaa. "Asante," alisema, akijilazimisha kutabasamu. Kicheko kikamkauka Kidoti. Alipogeuka, Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

Bibi hakugomba. Alimshika mkono, akampeleka nje hadi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mbele ya kamba za mashuka meupe. Wakakaa.

"Hapa ndipo tulipokuwa tukipumzika," alisema. "Siku moja mgeni alinirushia noti sakafuni, akaniambia, 'Okota.' Nilikuwa na mimba ya mama yako. Kuinama tu kulikuwa kazi."

"Ukaiokota?"

"Niliiokota. Nyumbani hakukuwa na unga. Tulikula, lakini chakula kile kilinikwama kooni." Bibi alinyoosha kanga yake magotini. "Mwingine alikuwa mwalimu, hana kitu mfukoni. Alinipa mkono akasema, 'Mama, tangu nitoke kwetu sijalala vizuri namna hii.' Ile noti iliisha siku ile ile. Neno la mwalimu ninalo mpaka leo."

Machozi yalimlenga Kidoti. "Bibi, twende tukamwombe radhi."

"Twende? Mimi sikutia sarafu kwenye glasi."

Kidoti akarudi peke yake, akapita katikati ya meza zote. Alingoja mpaka dada alipotua sinia.

"Dada, nisamehe. Ni mimi niliyetia zile sarafu. Nilifanya makusudi."

"Nilijua," dada alisema. "Sarafu haziendi kuogelea zenyewe." Alimtazama kwa muda, kisha uso wake ukalainika. "Wengi wamenifanyia mabaya kuliko hayo. Wewe ni wa kwanza kurudi. Nimekusamehe, mdogo wangu."

"Asante kwa juisi," Kidoti alisema. "Ilikuwa tamu."

Safari hii dada alitabasamu kweli.

Njiani kurudi nyumbani, Kidoti alimweleza Mjomba yote, bila kuficha. Mjomba alitikisa kichwa. "Na mimi nina kosa. Nilikupa pesa, sikukufundisha kuitoa."

Bibi alisimama, akageuka kutazama madirisha ya ghorofa ya tatu. "Mapazia wamebadilisha," alisema taratibu. Kisha akamshika mjukuu wake bega.

"Watu husema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli, lakini mkono nao una adabu yake. Ukimpa mtu bakshishi, mtazame usoni, mpe mkononi, mwambie asante. Ukiwa huna kitu, sema asante hiyo hiyo, na iseme kwa moyo. Anayekuhudumia si mtumwa wako, mjukuu wangu. Ni mtu aliyeacha watoto wake nyumbani ili wewe ustarehe."