Kitita cha Mzee Isihaka

Kila asubuhi, kabla garimoshi la Wajerumani halijapiga honi kule stesheni ya Korogwe, Mwaija alikuwa amekwisha fagia baraza, kuokota pini na kufuta vumbi kwenye cherehani ya baba yake. Fundi Mdoe alikuwa na desturi moja. Nguo ikiisha kushonwa, masalio yote aliyafunga kitita akampa mwenye kitambaa. Vitita vyake vilikuwa vidogo kama ngumi ya mtoto, na kwa kutopoteza kitambaa hivyo alisifiwa mpaka Handeni.

Wiki ile Mdoe alishikwa na homa. Mzee Isihaka alikuwa ameleta kitambaa cha amerikani cha kushonewa kanzu ya kuozeshea mwanawe, na arusi ilikuwa mlangoni. Mwaija, aliyejiona fundi tayari, akaomba akate yeye. Baba alikubali, akamwagiza asisahau taharizi, yale mapande ya pembe tatu ya ubavuni: akunje kitambaa hanamu, yaani pembe kwa pembe, ili mkato mmoja utoe mapande mawili.

Mwaija aliitikia tu, akili iko kwenye mkasi. Akakata kila taharizi peke yake, kitambaa kikaliwa mpaka urefu wa kanzu ukapungua. Masalio yakajaa kapu. Akaona kitita kikubwa vile kingemwaibisha. Akafunga kiasi kidogo, mengine akayashindilia ndani ya mto wa sufi aliolalia baba.

Mdoe akashona huku anatetemeka kwa homa, asipime urefu. Mzee Isihaka alipokuja kuijaribu kanzu, ilimwishia kwenye ugoko. Akakitazama kitita, kisha akamtazama fundi.

"Kanzu fupi, kitita kidogo," alisema taratibu. "Kitambaa changu kingine kimekwenda wapi, Mdoe?"

Mdoe aliapa kwamba hajui. Mzee akasema basi atawaonya watu sokoni wasimpelekee tena vitambaa vyao. Nyuma ya mlango, Mwaija aliyasikia yote. Baba yake hakuwahi kuchukua hata uzi wa mtu, na sasa anaitwa mwizi kwa ajili yake. Alipomwona anashika ukuta asianguke, hakuweza kuvumilia. Akauleta mto, akaufumua mbele yao.

"Shikamoo, mzee. Baba hajui lolote," alisema huku analia. "Nilikata vibaya, nikaona haya kwa kuwa kitita kingekuwa kikubwa."

Mdoe hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi kuliko fimbo. Aliketi, akayakung'uta masalio sufi, akamwambia ayakunje hanamu yeye mwenyewe. Vipande vipana viliungwa vikawa pindo la chini, vyembamba vikawa bitana ya shingo. Mzee Isihaka alingoja barazani mpaka kanzu ikamfika vifundoni. Maungio yalionekana, lakini aliivaa, akamwomba fundi radhi.

Mwaija alishindwa kuinua uso. Baba akamtilia kiganjani masalio ya mwisho ayafunge.

"Ukikata vibaya, mwanangu, hayo hayo masalio ndiyo ya kurekebishia," alisema. "Ukishayaficha, utarekebisha kwa kitu gani?"

Mwaija akafunga kitita, akamkabidhi Mzee Isihaka kwa mikono miwili. Hata uzi hakubakiza.