Feni Mpya na R ya Évode

Gari likichemka Nyabugogo, kwenye stendi ya mabasi ya Kigali, kila mtu huwa fundi. Muuza nyanya alisema ni maji, dereva wa basi alisema ni kichwa cha injini, mbeba mizigo mmoja akasema liuzwe tu. Mukunde alisimama kando ya mvuke, sketi nyeusi, blauzi ya kitenge cha bluu, akiwasikiliza kana kwamba gari ni la mtu mwingine. Hata hasira hakuwa nayo. Tangu wamzike baba yake hakuwa na hasira wala furaha. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Na gari lenyewe lilikuwa la baba.

Akaja kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya kijani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Dada, usifungue rejeta. Itakuchoma."

"Sina haja ya kuifungua."

Akainama chini ya boneti, akaisukuma feni kwa kidole. "Feni hii inazungushwa na injini. Ukikaa kwenye foleni injini inarara, na feni nayo inarara."

"Inalala."

"Ndiyo, inarara," kijana akakubali kwa moyo mmoja. "Tuondoe hii, tuweke ya umeme. Ile iko na mota yake. Rejeta ikipata joto, inaamka yenyewe."

Jina lake Évode Niyongabo, Mrundi wa Ngozi, na gereji yake ilikuwa Muhima. Gari likavutwa kwa kamba mpaka huko.

Feni inayolingana na rejeta ile haikupatikana upesi, na mapenzi hayana adabu, yakajipenyeza humo humo. Angesema Kirundi naye Mukunde akajibu Kinyarwanda, na wangeelewana vizuri tu. Lakini Mukunde alikulia Tabora. Baba yake alimgombeza na kumbembeleza kwa Kiswahili. Évode alipolijua hilo aling'ang'ania Kiswahili, akivunje asikivunje. Jioni simu inalia:

"Loho yangu, umekula?"

"Roho."

"Roho yangu, umekula?"

"Hapo sawa. Nimekula."

"Nikizijua zote, R na L, utanipa nini?"

"Nitakupa cheti."

"Cheti nitakitundika gereji. Mimi nataka mwalimu."

Mukunde alicheka. Kisha akamwambia ukweli, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Nacheka kwa mdomo tu, Évode. Ndani hamna kitu."

"Najua. Kwa sasa naongea na mdomo."

Basi Évode akawa anafanya mazoezi chini ya magari: rudi, lala, raha, lawama. Wenzake wakambatiza jina la Mwalimu Rara, naye hakujali.

Wakati huo mwenye kiwanja cha gereji aliwaambia mafundi wahame. Wengine walikwenda Kicukiro, wengine wakarudi kwao. Mukunde alizisikia habari hizo na hakuuliza kitu. Kisha siku moja adhuhuri, yuko ofisini, simu ikaita.

"Feni imepatikana," Évode alisema. "Leo naifunga. Na kuna jambo lingine. Mukunde, natafuta mahari."

Alilitamka polepole, kwa uangalifu wote. Mukunde, mwalimu wake aliyekwishazoea kumsahihisha kimoyomoyo, akasikia *mahali*.

"Ni mbali?"

"Iko Kirehe, kwa baba." Baba yake alihamia huko zamani, akifuga ng'ombe.

"Umeshaamua?"

"Nimeamua. Nilitaka ujue kwanza."

"Sawa," alisema Mukunde. "Tafuta."

Watu husema mapenzi hayana macho. Haya hayakuwa na masikio. Mukunde akakata simu, akaendelea kupiga mihuri. Upande wa pili Évode alibaki na waya wa feni mkononi. Mwanamke ameambiwa ataolewa, akajibu kama anayeagiza kalamu. Akaifunga feni huku mawazo yako kwingine, mkono mweusi, moyo mzito. Jioni Mukunde alilichukua gari, akasema asante akiangalia ukuta, akaondoka.

Baada ya hapo Évode alipiga simu mara nyingi. Mukunde aliitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikanyamaza. Usiku alilala macho wazi, kifuani kumebanwa. Alidhani ni homa, akanywa dawa.

Jumapili, akitoka kanisani kwenda kwa baba yake mdogo, Bayingana, gari lilichemka tena kwenye mlima wa Kagarama. Mvuke ule ule. Alikaa ndani kitambo, kisha akampigia Évode, maana zile waya za feni hakuna mwingine aliyezijua.

Évode alishuka kwenye pikipiki akiwa na shati jeupe la kanisani na mfuko wa spana. Hawakusalimiana vizuri. Akaliacha gari lipoe, akaongeza maji, akawasha injini, wakangoja joto lipande. Feni ikaanza kunguruma. Akaweka karatasi mbele ya rejeta. Ilipaswa kuvutwa inate pale; badala yake ikarushwa ikaanguka barabarani.

"Inapuliza nje," alisema. "Nimegeuza waya. Sijawahi kukosea hivi." Akazima, akazibadilisha zile waya mbili, akawasha. Safari hii karatasi ikanata.

"Mbona bado uko Kigali?" Mukunde aliuliza.

"Niende wapi?"

"Kirehe. Si ulisema unatafuta mahali?"

Évode alimtazama. "Mimi nilisema mahari."

"Sema tena."

"Mahari. Kwa R, kama raha. Nilifanya mazoezi siku nzima, Mukunde. Ng'ombe wa baba. Gereji tunahamia Gikondo tu, hapa hapa Kigali."

Mukunde akaibandua ile karatasi kwenye rejeta. "Ulisema sawasawa," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekukosoa."

"Umenizoea nikikosea." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Baba amekubali. Ila hutaki kupokea simu zangu, ningewatuma wazee kwa nani?"

"Évode, nisikudanganye. Sisikii furaha. Ungeniambia mbele ya watu leo, ningekaa kama gogo."

"Kaa kama gogo. Mimi nitacheka kwa niaba ya wawili."

"Watu watasema umeoa maiti."

"Waseme. Watakula, watakwenda."

Mukunde alitoa simu, akampigia baba mdogo.

"Baba mdogo, gari limeharibika, nachelewa. Na kuna wazee wanataka kuja kuomba irembo." Ndivyo lisemwavyo Kigali: posa huanzia kwenye lango. "Wa Évode, yule fundi."

Bayingana aliuliza: "Mwanangu, unampenda?"

Mukunde alitazama bonde, kisha yule mwanamume mwenye shati jeupe lililokwisha kuchafuka.

"Sijui, baba," alisema. "Nilidhani ameondoka. Ndicho kitu pekee kilichoniuma tangu tumzike baba."

"Basi waje Jumamosi," alisema Bayingana, na sauti yake ilikuwa imelainika kwa furaha.