Kutua Mara Tatu Kilwa Masoko

Mzee Huseni alikutwa Ijumaa alfajiri amelala chali chini ya mlingoti wa uwanja wa ndege wa Kilwa Masoko, kanzu imelowa umande, kisogo kimebonyea kwenye zege. Kiganjani alikuwa bado amekamata daftari la shule. Ukurasa wa Alhamisi haukuwapo.

Inspekta Restuta alichuchumaa, magoti yakalia. Miaka ishirini na sita ya upelelezi, na bado maiti ya mzee ilimnyima hamu ya chai.

"Fuvu limepasuka, afande," alisema Konstebo Stephano. "Daktari anakisia ni kati ya magharibi na isha. Simu yake ipo mfukoni."

"Mwizi gani anaacha simu, anachukua karatasi?"

Huseni alikuwa mlinzi wa uwanja. Kazi yake kufukuza mbuzi na kuzuia watu wanaokatiza kwenda kisimani. Kila ndege ilipokaribia kutua, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia pale mlingotini, kisha akaandika daftarini. Alhamisi iliruka ndege moja tu: jeti ndogo ya tajiri mmoja. Ilikuwa bado pale, nyeupe, safi, kana kwamba hakujafa mtu.

Restuta alianza na rubani wake, Kapteni Brighton.

"Jana mlikuwa mnafanya nini?"

"Mazoezi. Msaidizi wangu, Benjamini, alikuwa anakamilisha sharti la leseni."

"Sharti gani? Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Jeti hii imeandikishwa Marekani. Akirusha ndani ya Marekani, mafunzo tu yanamtosha msaidizi. Safari za kuvuka mipaka, lazima aina ya ndege iandikwe kwenye leseni yake. Na haiandikwi mpaka apae na kutua mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, kila mara ndege isimame kabisa. Kesho tunampeleka tajiri Afrika Kusini."

"Akatua mara ngapi?"

"Tatu. Nimesaini."

Alijibu upesi mno, kama mtoto aliyekariri.

Restuta akaenda kivukoni, pale watu wanapokatiza uwanja, kwa Esha muuza mihogo ya kukaanga.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jana reli ililia mara ngapi?"

"Mara moja, baada ya alasiri."

"Una hakika?"

"Afande, reli ikilia wateja wangu wanazuiwa ng'ambo, mihogo inapoa. Ingelia mara tatu ningelala na beseni zima! Muulize yeyote, mji mzima unaisikia. Na walitua vibaya, ndege ikadunda kama chura. Tulicheka, Mungu atusamehe."

Jumamosi asubuhi, tajiri akiwa tayari na mabegi, polisi waliizuia ndege. Benjamini aliletwa kituoni na shati jipya la urubani, mikunjo ya dukani haijatoka.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza Restuta.

"Karatasi gani?"

"Umeichana, bwana mdogo. Na masikio ya watu utayachana? Kilwa nzima imehesabu moja."

Kijana alifungua kifungo cha juu cha shati lile jipya.

"Niliibamiza ndege chini. Kapteni akaninyang'anya usukani. Tajiri akapiga simu: Jumamosi ni lazima, hakuna msaidizi mwingine. Kapteni akasaini tatu. Mimi nikamfuata mzee, nikamwomba aongeze mbili. Akasema, 'Mjukuu wangu, mimi naandika kinachotua.' Nikalikamata daftari, naye akalikamata. Ukurasa ukachanika. Nikamsukuma. Sikutaka afe, afande. Nilimwita. Hakuitika."

"Kwa karatasi moja?"

"Ukoo wangu umeuza mikorosho yote ya Likawage ili nisome. Yote. Sasa mama anapanga chumba cha watu mjini, Rasbura. Ningerudi nimwambie nini? Kwamba nimekwamia kutua?"

Restuta alifunga faili. Angeweza kunyamaza. Lakini kijana alikuwa ameua kwa ajili ya daftari lile, na kituoni hapo uongo ulikuwa umeshatosha.

"Jana nilimpigia mkaguzi wa usafiri wa anga, Dar. Nikamuuliza kama huwa wanalisoma daftari la Huseni. Akaniuliza, 'Huseni ndiye nani?'"

Benjamini aliinua uso.

"Wao wanatazama saini ya kapteni, basi. Lile daftari mzee alikuwa anajiandikia mwenyewe. Hakuna ambaye angeliomba."

Chumba cha pili, Kapteni Brighton alisikika akidai wakili.

Simu ya Benjamini, iliyokamatwa kama kielelezo, ikalia mezani. Kwenye kioo: Mama. Ikakatika, ikalia tena. Stephano alimtazama bosi wake. Restuta akabonyeza ya kupokea, akaweka sauti ya nje.

Vigelegele vilijaa chumba kizima. Watu wengi, vyombo, mtu anaitisha ukimya.

"Mwanangu! Majirani wote wako hapa, tunatazama juu tangu asubuhi. Umeshavuka mpaka?"

Benjamini aliegemeza pingu mezani, akainama mpaka karibu na simu.

"Bado, mama."