Mgeni wa Ghorofa ya Tisa

Harufu ya udi ilianza saa nne asubuhi, ghorofa ya tisa, kwenye stoo ambayo hata hewa ya kawaida iliingia kwa taabu. Scholastika alidhani ni majirani. Kisha akakumbuka kwamba ghorofa nzima walikuwa wameipanga yeye na mumewe, Isidori.

Jengo lenyewe lilikuwa zege tupu, refu, halina dirisha hata moja. Lilijengwa zamani kwa ajili ya mitambo ya simu. Siku hizi wafanyabiashara wa Kariakoo wanahifadhi mizigo humo, na mchana wake ni balbu. Aliyelichora sijui alikuwa amegombana na nani.

Scholastika alikuwa ameinamia robota la vitenge aliposikia, "Hodi."

"Karibu!" akajibu bila kuinua kichwa. Miaka ishirini dukani, mdomo ulikuwa umeshazoea.

Alipotazama, hakuona mtu. Sauti ilitoka ukutani, na mlango ulikuwa upande wa pili.

Tangu siku hiyo hawakuwa peke yao. Walikuta marobota yamebonyea kama yaliyokaliwa. Mtu alikohoa kwa adabu nyuma yao. Wiki ya pili Scholastika alimleta Mzee Awadhi, mganga wa Mchikichini, naye alinusa mara moja tu, akaketi chini.

"Angekuwa amejiingiza, ningemtoa," alinong'ona. "Huyu ulimkaribisha mwenyewe, mama. Nitamwomba aage tu. Ila akiaga, mtu yeyote asimsindikize. Hata hatua moja."

"Tumekuelewa, mzee," alisema Isidori.

Mzee akafukiza, akasoma, na balbu zikafifia moja baada ya nyingine, harufu ikawa nzito mpaka Scholastika akaihisi kooni, kisha karibu kabisa na sikio lake sauti ya upole ikasema, "Nashukuru kwa ukarimu wenu. Mimi naenda."

Hatua zikaelekea kwenye ngazi. Zikasimama.

"Baba Vicky, hunisindikizi?"

Mzee Awadhi alitikisa kichwa kwa nguvu. Lakini Isidori alikuwa mtoto wa Rombo, kwao mgeni hakuachwa aondoke peke yake, na zaidi ya hapo aliogopa.

"Akiudhika akabaki je?" alimnong'oneza mkewe. "Hapo mlangoni tu."

"Usiende, baba Vicky. Nakuomba."

Alishaondoka. Scholastika akamkimbilia, akashuka ghorofa moja, mbili, tano, akifuata mlio wa viatu vyake uliokuwa daima mzunguko mmoja mbele, mpaka akafika chini kabisa, ambako mlinzi aliapa hajapita mtu, na ngazi zilikuwa zimekwisha, na viatu vya Isidori bado vilisikika vikishuka chini ya sakafu.

Akalala kifudifudi juu ya zege, akaita jina lake huku akilia. "Karibu" moja tu ya mazoea, na yeye ndiye aliyeisema.

Miezi mitano imepita sasa. Kila asubuhi hulala pale, wachukuzi wakimruka na mizigo yao, akaita. Na kila asubuhi mumewe humjibu, mbali zaidi ya jana, kwa sauti ya mtu anayetembea na mwenzake akizungumza:

"Nakuja, mama Vicky. Ngoja nimfikishe. Anasema kwake si mbali."