Kizazi Kilichosingiziwa

Nyumba ile ilikuwa imetulia, jamani. Mtoto wa kike alikuwa amelala chini ya chandarua kidogo kama bi harusi, na baba yake, fundi cherehani wa pale kona, akijisifu kwa kila mteja: "Nimekishona mwenyewe, hata kabla hajazaliwa!" Mkewe alikuwa kitandani akimcheka.

Kicheko hakikufika mbali. Mzazi alianza kutetemeka kwa baridi mpaka kitanda kikalia.

"Ni maziwa hayo, yamejaa," alisema mama yake Fundi. "Mkandeni kifua."

Akakandwa. Homa ikapanda.

Fundi akampeleka zahanati. Tabibu aliposikia neno "amejifungua" tu, masikio yake yakafunga duka. "Kizazi kimeingia wadudu," akasema, akaagiza sindano. Mgonjwa akachomwa, homa ikashuka asubuhi, jioni ikarudi na ndugu zake wote. Fundi naye akarudi zahanati.

"Tabibu, damu yake haipimwi?"

"Wewe Fundi, mimi nimewahi kukufundisha kukata suruali?"

Fundi akanywea. Usimcheke, msomaji, mbele ya koti jeupe wengi wetu ulimi hutuingia mfukoni.

Mgonjwa akaanza kupayuka, macho yamegeuka manjano, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Hapo ndipo tabibu akasema apelekwe hospitali kubwa, akasafishwe kizazi.

Huko daktari, mama mmoja mwenye sauti kavu, alimbonyeza mgonjwa tumbo la chini. Mgonjwa hakushtuka kwa maumivu. "Anatoka uchafu wenye harufu?"

"Hapana, daktari."

"Amepimwa malaria?"

"Niliomba. Nikaambiwa ni kizazi."

"Kizazi, kizazi! Mtu akizaa, mbu hutangaza likizo? Nyumbani mnalala ndani ya chandarua?"

Fundi alifungua mdomo ajisifu kama kawaida yake, ukabaki wazi. Kile chandarua cha mtoto alikikata kutoka kwenye chandarua cha kitanda chao. Mkewe alikuwa akilala wazi tangu siku ile, bado mjamzito, mbu wakijilia.

Kidole kikatobolewa. Malaria kali, na damu imepungua vibaya. Wakamtundikia dawa, wakamwongezea damu, na Fundi akakaa kwenye benchi asipate hata mzaha mmoja wa kujiliwaza.

Mkewe alipozinduka, alimtazama. "Mtoto?"

"Mzima. Yuko kwa mama."

"Na mkasi wako, Fundi, haujambo?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka.

Funzo

Ndugu zangu, mzazi akipata homa asikandwe nyumbani; akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Kizazi huugua kweli, na huua, kwa hiyo kikaguliwe. Lakini damu nayo ipimwe, maana malaria haijui nani kazaa jana. Ukijibiwa kwa kejeli, uliza tena. Aibu ya kuuliza utaisahau kesho, kaburi hutalisahau. Na wewe baba unayempenda mwanao: nunua chandarua cha pili, mkasi uache kwenye cherehani.